Kitalu cha Nywele

Siku niliyoripoti shule ya bweni, matroni alipekua sanduku langu mbele ya foleni nzima. Akatoa soksi. Akatoa biskuti, ambazo hazikurudi, na sitaki kulizungumzia hilo nikiwa na njaa. Halafu akatoa chanuo la mbao. Akaliangalia, akaniangalia, akaliangalia tena. Kichwa changu kilikuwa kimenyolewa jana yake kwa sheria ya shule hiyo hiyo, kinang'aa kama sufuria ya wageni.

"Na hii ni ya kuchana nini?" akauliza. "Akili?"

Foleni ikaangua kicheko. Nisingekuwa mimi ninayechekwa ningecheka kuwashinda wote, kwa hiyo siwalaumu. Nilimwambia ni ya kujikunia mgongo. Akalinusa, akakunja uso kama mtu aliyekumbuka kitu halafu kikamponyoka, akalirudisha sandukuni.

Nami nililinusa nilipofika kitandani. Bado lina mafuta ya nazi, na kwa mbali, ukivuta pumzi polepole, lina udi. Lina meno tisa. La kumi lilivunjikia kichwani mwangu nikiwa na miaka minane, na kama ningekuwa na nywele ningewaonyesha mahali penyewe. Kwa hiyo ninyi wenzangu ambao vichwa vyenu pia vinapigwa na upepo huko mabwenini, vueni kofia mnisikilize. Hii ni habari ya wakati nilipokuwa na nywele kidogo sana, na hizo kidogo nusura zimfukuzishe mtu nyumbani kwake.

Tulikuwa tukiishi Mutuini, pembeni mwa Nairobi, kwa Shosho, mama yake mama. Shosho ana shamba ambalo kila mwaka linapungua kwa sababu kila mwaka anaota ndoto ya kujenga chumba kingine cha kupangisha. Wakati huo vilikuwa vitano, vimejipanga upande wa barabara, na nyuma yake kulikuwa na sukuma wiki, migomba miwili, mbuzi mmoja mwenye hasira, na sisi. Mama alikuwa karani kwenye ofisi moja kule Spring Valley. Alitoka kabla jogoo hajaamua, akarudi miguu imevimba, na katikati ya hayo mawili alitakiwa pia awe na muda wa kichwa changu.

Muda huo ulikuwa Jumapili jioni. "Shiro, kuja nikuchane," angeita, na mimi ningeanza kulia hapo hapo, kwa malipo ya mapema. Lazima mwelewe jambo moja kuhusu neno hilo. Shuleni kwetu Waithaka, kuchana kulikuwa kitu ambacho Brayo alifanyia kitabu chako cha hesabu. "Mwalimu, Brayo amenichania kitabu!" Mwalimu anakuja, anakuta karatasi vipande viwili. Sasa mtoto wa miaka minane akiambiwa na mama yake mzazi "kuja nikuchane", afikirie nini? Kwangu mimi lilikuwa neno moja na kazi moja. Na ushahidi ulikuwepo. Mama alinibana kichwa katikati ya magoti, kama mbuzi anayetiwa dawa, akachukua kitana cha plastiki chenye meno membamba, akakichomeka kwenye shina la nywele kavu, akavuta kwenda chini. Kitu kingesema kra! Wakati mwingine kilikuwa kitana. Mara nyingi kilikuwa mimi.

"Nyamaza, majirani watadhani nakuchinja."

"Si unanichinja!"

"Nikikuchinja utajua."

Tukimaliza, sakafuni kulikuwa na nywele, kwenye kitana kulikuwa na nywele, na kichwani zilizobaki zilikuwa zimesimama hapa na pale kama watu wanaongojea mvua iishe. Mbele, juu ya paji, hazikuwepo kabisa. Darasani waliniita Kiwanja, kwa sababu, walisema, pale mbele unaweza kupanga timu mbili zikacheza hadi penalti. Nilikuwa nacheka nao. Halafu nikifika nyumbani nilikuwa najifunga leso ya Shosho kichwani na kusema nina baridi.

Mama hakuwa mkatili. Nataka hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Alikuwa amechoka, na aliamini kwamba nywele ni kama magugu: ukizivuta kwa nguvu ndiyo unazisaidia.

Ndipo Mama Rukia akapanga chumba namba tatu. Walitoka Mombasa, yeye na mumewe. Mumewe alikuwa ustadhi, akifundisha watoto madrasa katikati ya mji. Mtu mpole aliyesalimia hata mbuzi. Rukia mwenyewe, yule binti mwenye jina, alikuwa ameolewa na kubaki Mombasa. Mama Rukia alishinda peke yake chumbani, na kila Ijumaa moshi wa udi ulitoka kwenye kile chumba ukapita juu ya sukuma, ukaingia jikoni kwetu, na Shosho akafunga dirisha.

"Hao watu wa Mombasa ni wazuri," Shosho alimwambia mama. "Wanaripa kodi vizuri. Rakini hawaishi pekee yao."

Mimi niliyekuwa chini ya meza nilisikia na kuelewa: kumbe kuna jamaa zao wengine, wamejificha wasionekane na mwenye nyumba. Kwa wiki nzima nilipita dirishani kwa Mama Rukia nikiinama, nijaribu kuwaona chini ya kitanda. Niliona viatu vya ustadhi. Niliona jiko. Sikuona shangazi hata mmoja. Kumbe Shosho alimaanisha majini.

Jambo la pili nililolielewa vibaya lilikuwa ushungi wake. Sikuwahi kumwona Mama Rukia kichwa wazi, hata akianika nguo. Basi nikahitimisha, kwa akili ile ile ya viatu vya ustadhi, kwamba hana nywele. Nilimwonea huruma sana. Nilimwona ni mwenzangu. Siku moja aliponikuta nimejiinamia dirishani kwake, badala ya kukimbia nilimuuliza: "Na wewe ulichanwa na nani mpaka zikaisha?"

Alinitazama. Akatazama leso yangu na jua lililokuwa likiwaka. Akaniingiza ndani, akafunga mlango, akavuta ushungi.

Wenzangu, nywele zilishuka. Zilishuka, zikapita mabega, zikaendelea na safari. Chumba kizima kikanuka nazi. Nilipiga kelele.

"Haya, na wewe nionyeshe zako," akasema.

Nilivua leso. Hakucheka, na mimi nilikuwa nimejitayarisha kucheka naye. Alipitisha kidole pale kiwanjani, polepole, kutoka kona moja hadi nyingine.

"Nani kakufanya hivi?"

"Mama."

"Si kosa lake. Yuwakimbilia kazi, na nyele hazitaki mtu mwenye haraka. Keti. Weka kitwa hapa."

Kitwa! Nyele! Nilicheka hadi nikakohoa. Baadaye niligundua kwamba katika ploti yetu kitu kile kile kilikuwa na majina matatu: nywele za shuleni, nyele za Mama Rukia, na nywere za Shosho, ambaye herufi L haijawahi kumfaa. Lakini siku ile nilicheka tu, na nilikuwa bado nacheka alipolowesha vidole kwenye bakuli la maji na kuanza kunipapasa kichwa chote, kama mtu anayemwamsha mtoto bila kumshtua. Kisha mafuta ya nazi, aliyoyayeyusha kwenye kikombe kilichokaa ndani ya maji moto. Kisha akagawa nywele mafungu manne, matatu akayafunga, moja akaliacha. Akalishika fungu lile kwa ngumi, karibu na ngozi, ili mvuto wowote uishie kwenye mkono wake na usifike kichwani.

Nilipanda mabega hadi masikioni. Nikafumba macho. Nikangoja kra.

"Twaanza nchani," akasema.

Nilisikia "nchini". Nikadhani kuna wimbo wa taifa. Nikajaribu kusimama.

"Keti! Nchani, mwisho wa nyele. Ukianzia juu wasukuma mafundo yote yarundikane chini, halafu wapigana nayo. Ukianzia nchani, fundo moja latoka, lingine latoka, wapanda kidogo kidogo mpaka wafika."

"Sasa unanichana?"

"Sikuchani. Nakuchanua."

"Kuchanua ni ya maua."

"Ee. Na hizi pia zitachanua, utaona."

Hakuvuta hata mara moja. Kwenye fundo lililokuwa shingoni, ambalo mama alikuwa amepigana nalo tangu Krismasi, alikaa nalo, akaliongezea mafuta, akalitenganisha kwa vidole, akaimba kitu puani. Ndipo jino la kumi la chanuo lake la mbao likavunjika. Aliliangalia akasema, "Bora la chanuo kuliko lako wewe," na mimi hadi leo sijui alimaanisha nini, kwa sababu jino langu halikuhusika. Ilichukua muda mrefu sana. Nililala. Mimi, Shiro, nililala nikiwa nachanwa.

Niliamka akiwa anaviringisha nywele zilizotoka, ambazo zilikuwa chache tu, kama kigoroli. "Hizi usizitupe ovyo," akasema. "Ndege akizichukua akajengea kiota, utaumwa na kitwa mpaka uchoke. Nenda kazifukie mahali."

Sasa nawaomba mfikirie kama mtoto mwenye akili timamu. Mtu mzima mwenye nywele hadi kiunoni amekuambia nywele zako zitachanua. Dakika kumi baadaye amekupa nywele mkononi akasema zifukie. Zina shina. Zina ncha. Shuleni, wiki hiyo hiyo, mwalimu alikuwa ametufundisha kupanda: shimo, mbolea, mbegu, maji, na alama ili usisahau ulipopanda. Je, kulikuwa na njia nyingine ya kuelewa?

Nilikwenda mwisho wa sukuma ya Shosho, mstari wa mwisho karibu na ua, nikachimba. Nikatia samadi ya mbuzi. Nikaweka kigoroli changu, na ili nisikisahau nikakifunga kwanza kwa uzi mwekundu niliounyofoa kwenye kikapu cha Shosho cha kufumia sweta, ncha ya uzi ikatokeza juu ya udongo. Nikamwagilia. Nikaomba.

Kila Jumamosi, mama akiwa kazini na Shosho akiwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, nilikwenda namba tatu nikachanuliwa. Kila Jumamosi nilirudi na mbegu. Mara moja kitu kiliota. Kilikuwa kijani, chembamba, na leo najua lilikuwa jani la nyasi, lakini siku ile nilikimbia nikaleta kitana nikalichanua, nikianzia nchani.

Na kichwani, kimyakimya, mambo yalikuwa yanatokea. Manyoya laini yalianza kuingia kiwanjani kutoka kwenye kona. Wachezaji wakapungua. Shosho alidhani mama amekuwa akinipeleka saluni Waithaka. Mama alidhani Shosho ndiye ananisuka siku za Jumamosi, akashukuru Mungu kwa kupunguziwa kazi. Hakuna aliyeuliza mwenzake, na mimi sikuona sababu ya kuwasumbua, hasa kwa vile Shosho alikuwa amenikataza kuingia vyumba vya wapangaji.

Nilikuwa nimefikisha mbegu kumi na moja Shosho alipokwenda kupalilia mstari wa mwisho.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Mbuzi alikata kamba. Nilipofika, Shosho alikuwa amesimama ameshika jembe kama mkuki, na miguuni pake, juu ya udongo, kulikuwa na kifundo cha nywele, kimefungwa uzi mwekundu, kinanuka nazi na udi.

"Ngai!" akamwita Mungu. Akachimba tena kidogo. Cha pili. Cha tatu. Alipofika cha sita aliketi chini. Halafu akaona kitu kilichomuuma zaidi. "Na wameiba hata uzi yangu ya sweta!"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na mdomo, na kwa kawaida hauniishii kazi. Lakini Shosho alikuwa anatetemeka, mtu mzima, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akiogopa kitu, hata mbuzi. Nikaona kwamba nikisema, kutetemeka kule kutageuka kuwa kitu kingine na kitanipata mimi. Nikaenda kumtafuta mbuzi.

Jioni akina mama wa kanisa walikuja wakaombea sukuma. Wiki hiyo tulikula kabeji ya kununua, sisi wenye sukuma inayofika magotini. Shosho alikusanya vifundo vyote akavitia kwenye mkebe wa siagi, akafunga kifuniko kwa mpira, visitoroke. Nyumbani ilikuwa imeshaamuliwa bila kutajwa jina: nani ananuka nazi, nani anafukiza udi, nani haishi peke yake? Mama alijaribu. "Mami, hatujaona akifanya kitu."

"Watu kama hao hawaonekani. Mwezi ikiisha, atoke."

Jumamosi sikwenda namba tatu. Nilikaa kitandani nikahesabu siku za mwezi, nikakuta zimebaki chache kuliko vidole.

Jumapili baada ya kanisa tulisimama mlangoni kwa Mama Rukia: Shosho na koti lake la kanisa na mkebe mkononi, mama nyuma yake, mimi nyuma ya mama. Ustadhi alikuwa mjini.

"Shikamoo, mama," Mama Rukia akasema.

Shosho, ambaye hadi leo hajui shikamoo hujibiwa nini, akasema, "Asante."

Tukaingia. Kulikuwa na chai ya tangawizi na mahamri, kama kwamba alikuwa ametungojea. Shosho akakataa kwa mkono. "Mimi nimefunga."

"Shosho, si umekula chapati sasa hivi?" nikauliza, na mama akanifinya mpaka nikaona nyota.

"Mama Rukia," Shosho akasema, "mimi ni mtu ya kuongea bira kuzunguka. Hii ni kitu gani?" Akafungua mkebe.

Mama Rukia alitoa kifundo kimoja, akakifungua, akakinusa. "Nyele hizi."

"Najua ni nywere! Nauriza ni ya nani, na inatafuta nini kwa sukuma yangu!"

Mama Rukia alizinyoosha kwenye kiganja. Zilikuwa fupi, nusu kidole, na yeye zake nilijua zinafika wapi. Macho yake yalipanda kutoka kiganjani, yakampita Shosho, yakampita mama, yakanifikia. Yakakaa. Mimi nikaangalia mahamri.

"Ni zangu," akasema. "Nimezifukia mimi. Kwetu hatutupi nyele ovyo. Ningekuomba ruhusa kwanza, mama. Nisamehe."

Shosho akavuta pumzi, na nadhani hata yeye hakutarajia iwe rahisi hivyo. "Basi umesema mwenyewe. Mwezi ikiisha utafute nyumba ingine."

"Sawa, mama."

Sawa. Hivyo tu. Na katika mkono wa pili, chini ya upindo wa leso, niliona amelishika chanuo, anapitisha kidole gumba kwenye meno, la kwanza hadi la tisa, halafu pale penye pengo. Sitawadanganya kwamba nilifikiria haki. Nilifikiria kichwa changu kikirudi kwa kitana cha plastiki. Haki ilifika baadaye, ikihema. Lakini ilifika, nikakumbuka kwamba yule mtu hana Rukia, hana mtu wa kumwekea kitwa mapajani, ana mimi tu, na mimi naangalia mahamri.

"Ni zangu!" nilipiga kelele. "Mimi ndiye nilizipanda!"

Wote wakanigeukia.

"Ulipanda nini?" mama akauliza.

"Nywele."

"Kwa nini?"

"Ndiyo zichanue!" Na sasa machozi yalikuwa yameshafika. "Alisema zitachanua! Halafu akasema nizifukie! Na nikaweka uzi ya alama kama vile mwalimu alisema, na nikamwagilia, na moja iliota!"

Mama Rukia aliinua leso akaziba mdomo. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Shosho alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma barua kwa mara ya pili.

"Uriweka mborea?" akauliza.

"Ndiyo, Shosho."

"Gani?"

"Ya mbuzi."

"Kiasi gani?"

"Mikebe miwili. Kila shimo."

Shosho akamgeukia mama, mkebe ukiwa bado mikononi, akasema kwa uchungu wa mkulima: "Si ndio maana hiyo raini ya sukuma imenona hivyo, na sisi tunakura kabeji!"

Mama Rukia alishindwa. Alicheka hadi ushungi ukateleza, na Shosho alipoona nywele zile, ndefu, akaangalia zile fupi kiganjani, akaelewa pia uongo aliokuwa ameambiwa na kwa ajili ya nani. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa koti lote. Nilidhani yamekwisha.

Lakini mama hakuwa anacheka. Alinivuta karibu, akapitisha kidole pale kiwanjani, kona hadi kona, kama Mama Rukia alivyofanya siku ile. Akakuta kumeota.

"Kwa hivyo ni yeye amekuwa akikuchana."

"Wewe ndiye huchana," nikamsahihisha. "Yeye huchanua."

Kama kuna maneno ambayo ningeyarudisha mdomoni, ni hayo. Nilidhani nafafanua msamiati. Mama alishusha mkono. Alionekana kama mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali akaambiwa mlangoni kwamba hapa sipo.

"Dada," Mama Rukia akasema, "hebu keti hapa. Weka kitwa."

"Mimi? Hapana, mimi niko sawa."

"Keti."

Mama aliketi kwenye mkeka na nguo zake za kanisa. Mama Rukia akamvua kitambaa, nami nikaona kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiangalia, kwa sababu nani huangalia kichwa cha mama yake? Juu ya paji, kona hadi kona, mama alikuwa na kiwanja. Kikubwa kuliko changu. Na Mama Rukia alipoinua chanuo, kabla halijamgusa, mabega ya mama yalipanda hadi masikioni, na macho yakafumba.

Shosho aliacha kucheka. Alikuwa ameyaona mabega yale. Nadhani aliwahi kuyaona zamani, mengi, madogo, yakipanda mstarini mbele yake.

"Nirikuwa na watoto saba," akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "na ng'ombe, na moto jikoni."

"Najua, Mami," mama akasema, macho yamefumbwa bado.

"Twaanza nchani," Mama Rukia akasema, na mabega ya mama yakashuka, kidogo kidogo, fundo moja, fundo lingine. Chumba kilikuwa kimya kabisa isipokuwa mdomo wa Shosho, ambaye alikuwa amesahau kwamba amefunga na alikuwa kwenye hamri la tatu.

Mama Rukia alikaa namba tatu miaka minne zaidi. Jumamosi foleni ikawa ya watu watatu, kwa sababu Shosho naye alikuja siku moja "kuangaria tu", akaangalia hadi akavuliwa kitambaa. Mama alijifunza. Kitana cha plastiki kilipewa kazi ya kutoa kupe kwa mbuzi, na mbuzi hajatusamehe. Kisha Rukia akapata mapacha, na bibi yao akarudi Mombasa na mumewe, na asubuhi ya kuondoka alinitia chanuo mkononi, akanikunja vidole juu yake, akasema niwe nalitia mafuta lisipasuke. Kufika wakati huo nywele zangu zilikuwa zinafika mabegani. Kiwanja kilikuwa kimefungwa, mechi zote zimeahirishwa.

Ndiyo sababu barua ya shule iliposema "nywele zinyolewe kabisa", mama aliisoma mara mbili na kuiweka chini ya sahani. Siku moja kabla ya kuripoti alinikalisha nje, kwenye kigoda, karibu na sukuma. Hakuwa na haraka. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alinichanua kwanza zote. Mafungu manne, maji, mafuta, kutoka nchani. Nilimwambia, mami, unazichanua za nini na zinakatwa? Akasema, "Nyamaza, majirani watadhani nakuchinja." Alipomaliza kila fungu alilikata polepole, na nilihisi upepo ukigusa mahali ambapo haujawahi kunigusa.

Tulipogeuka, Shosho alikuwa amesimama na jembe. Mkono mwingine alishika uzi mwekundu.

Alizikusanya kutoka mapajani mwangu, akazifunga, akatembea hadi mstari wa mwisho, akainama kwa shida kwa sababu magoti yake siku hizi yana maoni yao. Akachimba. Akatia. Akafukia, akaacha ncha ya uzi juu. Halafu akatoa simu kwenye aproni, akanipa nimtafutie namba, akaishika mbali na sikio kama anavyofanya siku zote, kwa hiyo sote tulisikia.

"Mama Rukia! Ni mimi. Kasichana kanaenda shure. Tumekanyoa, tumepanda."

Kule Mombasa, watoto wawili walikuwa wanalia kwa pamoja, na juu ya kilio chao sauti ikauliza: "Mumetia mbolea?"

"Ya mbuzi," Shosho akasema, akijifuta macho kwa mkono wenye udongo. "Mikebe miwiri."